Juu ya Mawe: Nani Anaamua Mwisho wa Vyombo vya Moto Rufiji na Kibiti?

Swali la gari bovu lililoachwa kijijini huonekana dogo mpaka mtu ajaribu kulijibu. Land Rover iliyokaa juu ya mawe nyuma ya nyumba tangu miaka ya 1980 ni mali ya nani, ikiwa mwenyewe alishafariki na watoto wametawanyika? Ikikatwa na kuuzwa kwa kilo, tumesafisha kijiji au tumefuta kumbukumbu? Na ikiachwa ilipo, inamdhuru nani?

Katika wilaya za Kibiti na Rufiji maswali haya yana uzito wa pekee. Hapa ndipo ilipoishia mashine mbovu maarufu kuliko zote katika historia ya Afrika Mashariki: meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyoingia katika delta mwaka 1914 ikiwa na injini iliyoharibika na haikutoka tena. Kati ya meli ile na lori la Bedford linalooza chini ya mkorosho kuna tofauti kubwa ya ukubwa na ya umaarufu, lakini njia iliyovifikisha mwisho ni ile ile.

Hoja ya makala haya ni kwamba chombo hakiachwi kwa kuwa watu wa mahali hapo hawajali. Huachwa pale barabara, spea na karatasi zilipokoma. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyepewa wajibu wa kuamua mwisho wake, uamuzi huchukuliwa na yeyote atakayefika wa kwanza akiwa na fedha mkononi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Königsberg, na ndivyo inavyokuwa leo kwa magari na matrekta yaliyozagaa vijijini.

Nchi ya maji na nchi ya lami

Lazima kwanza tutenganishe delta na bara. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika katika mikondo mingi inayopita kwenye mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, msitu mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2004 eneo hilo, pamoja na Mafia na Kilwa, limo katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kwa watu wa Salale, Mbwera, Maparoni, Kiongoroni au Msala, safari ni ya mtumbwi, mashua au boti, na maji kujaa na kupwa ndiyo ratiba. Sehemu kubwa ya huko gari halifiki. Kilichochakaa delta ni injini ya boti na mabaki ya meli.

Ukitoka Nyamisati kuelekea bara mambo hubadilika. Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti na Ikwiriri zimejipanga kandokando ya Barabara ya Kilwa, katika nchi ya korosho, minazi, maembe na mbao. Hapa maisha yamebebwa na magari kwa vizazi kadhaa, na hapa ndipo magari yaliyokufa yalipo: nyuma ya gereji, kwenye yadi za ofisi, pembezoni mwa mashamba, na katika misitu ambamo malori yalifuata magogo ya mninga na mkongo.

Mazingira yote mawili ni adui wa chuma. Kutu huhitaji chuma, hewa na maji tu, na chumvi huiharakisha. Pwani ya Rufiji ina unyevu mwaka mzima, upepo wa bahari, na mafuriko yanayoacha tope ndani ya kila uwazi. Gari ambalo katika ukame wa Dodoma lingekaa miongo mingi likiwa na umbo lake, hapa huanza kutoboka sakafu mapema. Kwa hiyo Kibiti hakuna anasa ya kuahirisha. Kinachotaka kuhifadhiwa kina muda mfupi, na kinachotaka kutumiwa upya hupungua thamani kila masika.

Gari hufa pale barabara ilipokatika

Kwa wanaosafiri leo kutoka Dar es Salaam hadi Lindi kwa siku moja ni rahisi kusahau barabara ya kusini ilikuwaje. Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu kilometa moja, Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu. Mto ukifurika, magari yalilala foleni. Hata baada ya daraja, kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga zilibaki bila lami kwa miaka mingi na zilikuwa jina la kutisha kwa madereva. Na hata sasa usalama si wa kudumu: mwezi Mei 2024, mvua za kipindi cha Kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo katika eneo la Somanga, na magari yakazuiwa tena upande huu na upande ule.

Katika barabara ya namna hiyo, gari likivunjika difu au kupasua gia boksi mbali na Dar es Salaam, mwenye gari hupiga hesabu ngumu. Fundi anatoka mjini, spea inatoka mjini, na kulivuta gari lenyewe ni gharama nyingine. Ikiwa jumla inazidi bei ya gari baada ya kutengenezwa, lililo la busara ni kulisukuma pembeni, kuling'oa matairi ili yasiibwe, kuliweka juu ya mawe na kusubiri. Mwaka unapita, injini inakwama, na hesabu inazidi kuwa mbaya. Kusubiri huko, kulikoanza kama uamuzi wa wiki mbili, ndiko kunakozaa mkweche wa miaka 40.

Barabara haikuwa peke yake. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikafuata 1978 hadi 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Uingizaji wa magari na spea ulikuwa chini ya mashirika ya umma, likiwemo Shirika la Magari, na kila bolti ya injini iligombea dola zile zile na dawa za hospitali. Ndiyo maana magari mengi yaliyoachwa vijijini ni ya kabla ya kipindi hicho: Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, Bedford, Peugeot 404 na 504, Leyland. Yalikuwa magari yanayotengenezeka kwa spana na nyundo, na mafundi walikuwepo. Kilichokosekana ni kifaa kimoja chenye namba yake. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na baadaye magari yaliyotumika Japani yalipomiminika, hapakuwa na sababu tena ya kufufua la zamani. Zama zikahama, chuma kikabaki.

Sababu ya tatu ni miradi. Rufiji imepitia mipango mingi ya serikali: watu walihamishwa kutoka bonde la mafuriko katika Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969, na Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Mto Rufiji, RUBADA, ilianzishwa 1975. Mradi wowote, mdogo au mkubwa, huja na magari na fungu la mafuta. Fungu likiisha, gari hubaki bila mwenyewe wa kweli. Afisa hawezi kuliuza bila taratibu za kuondosha mali chakavu, na kijiji hakiwezi kuligusa kwa kuwa ni mali ya umma. Linakaa yadi likisubiri mnada, na mnada ukifika limebaki bodi.

Ya mwisho ni karatasi. Kadi ya gari imeandikwa jina la marehemu. Mirathi haikufunguliwa, au ilifunguliwa na gari halikutajwa. Mpaka ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa mwaka 2017, gari ambalo usajili wake haukufutwa liliendelea kuhesabiwa deni hata kama halikuwa na injini, na familia nyingi ziliona heri kunyamaza kuliko kwenda ofisini kuuliza. Ukimya huo umeacha magari ambayo kisheria yana mwenyewe na kwa vitendo hayana.

Königsberg: gari bovu la kwanza la Rufiji

Sababu hizi zote zinaonekana, kwa kiwango kikubwa, katika kisa cha Königsberg. Meli hii yenye urefu wa zaidi ya meta 115 ilizinduliwa Kiel mwaka 1905 na kufika Dar es Salaam Juni 1914, wiki chache kabla ya vita. Nahodha wake alikuwa Max Looff. Agosti mwaka huo iliteka meli ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Oman. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliivamia Zanzibar na kuizamisha HMS Pegasus, ambayo ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa injini.

Muda mfupi baadaye injini ya Königsberg yenyewe ikaharibika, na makaa ya mawe yalikuwa haba kwa kuwa Waingereza walikuwa wamefunga njia za kuyapata. Looff akaiingiza meli ndani ya Rufiji, eneo la Salale. Sehemu zilizoharibika zilipelekwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, zikivutwa na wapagazi kupita mikoko na tope. Kwa maneno mengine, watu wa bonde hili walikuwa wakisafirisha injini kwenda na kurudi gereji ya Dar es Salaam miaka karibu 90 kabla ya kuwa na daraja.

Injini ilipona, lakini meli ilikuwa imeshagunduliwa. Mwishoni mwa Oktoba 1914 manowari za Kiingereza ziliiona, na Novemba Waingereza wakazamisha meli ya Newbridge katika mkondo mmoja ili kuziba njia. Zililetwa Severn na Mersey, meli za kivita zinazoelea kwenye maji ya kina kifupi, na Mafia ikageuzwa kituo cha ndege za kuelekeza shabaha. Baada ya shambulio la tarehe 6 Julai 1915 kushindwa, la tarehe 11 Julai lilifanikiwa, na Looff akaamuru meli yake izamishwe.

Hapo ndipo historia ya kivita huishia katika vitabu vingi, na hapo ndipo suala letu linapoanza. Mizinga yote 10 ya meli iliopolewa, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam na kuburutwa na wapagazi katika vita vya nchi kavu vya kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck. Kila mzinga ulihitaji mamia ya watu. Vita vile viliua wapagazi kwa makumi ya maelfu, pande zote mbili, na majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Bodi la meli likabaki mtoni. Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus iliyozamishwa Zanzibar, alinunua haki ya kuopoa mabaki kwa pauni 200. Aliwatuma wapiga mbizi wakang'oa metali zenye bei, kisha akaiuza haki hiyo kwa wengine. Kazi ya kuchomoa vipande iliendelea kwa vipindi mpaka miaka ya 1960. Mwaka 1966 mabaki yaliporomoka na kuzama kwenye tope la mto.

Mizinga mitatu inajulikana kuwa imehifadhiwa: mmoja Pretoria mbele ya majengo ya serikali, mmoja Fort Jesus, Mombasa, na mmoja Jinja, Uganda. Hakuna uliorudi Rufiji. Mtoto wa Salale anayetaka kugusa mzinga wa meli iliyozama mbele ya kijiji cha babu zake anapaswa kusafiri mpaka nchi nyingine. Wenyeji hawakuulizwa mwaka 1924, na walioimalizia meli hiyo baadaye hawakuwa na sababu ya kuuliza. Haya ndiyo matokeo ya mali isiyo na msemaji: ilipata mnunuzi kabla ya kupata mwenyewe.

Mifano miwili ya kujipimia

Historia ya Tanzania inatoa mizani mbili za kupimia kisa hiki. Ya kwanza ni Graf von Goetzen wa Ziwa Tanganyika. Meli hiyo ililetwa kwa vipande, ikaunganishwa Kigoma na kuzinduliwa 1915. Wajerumani walipolazimika kuondoka mwaka 1916 waliizamisha, lakini mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kwanza, kwa tumaini la kurudi. Waingereza waliiopoa 1924 na ikaanza tena kazi 1927 kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na mizigo ya ziwa lile kwa vizazi. Mwaka ule ule wa 1924, basi, meli mbili za Kijerumani zilipata uamuzi tofauti katika nchi moja: moja ilinunuliwa ikachunwe, nyingine iliopolewa ikafanye kazi. Maji ya ziwa hayana chumvi, na hilo lilisaidia. Ila kilichosaidia zaidi ni kwamba Liemba ilihitajika na watu, na aliyeiacha aliiacha akifikiria kesho yake.

Ya pili ni mradi wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, kuanzia Kongwa hadi Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta yaliyotumika vitani na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo mgumu, vichaka na ukosefu wa mafundi na spea viliyamaliza haraka. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kutafuna karibu pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kusini kwa ajili yake iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashine zile zilikuja kabla ya mtu yeyote kuuliza zitatengenezwa na nani zikiharibika, na kila mradi uliozifuata bila kuuliza swali hilo umeacha makaburi yake ya chuma, makubwa au madogo.

Nje ya eneo letu, Cuba inaonyesha upande mwingine. Vikwazo vya Marekani vya miaka ya 1960 vilikifungia kisiwa hicho spea, kama ukosefu wa dola ulivyotufungia sisi. Wacuba hawakuwa na mlango wa magari ya Japani kama tuliofunguliwa miaka ya 1990, hivyo magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yakaendelea kutengenezwa kwa ubunifu mpaka yakawa kivutio cha watalii. Mafundi wetu wana ubunifu ule ule. Tofauti ni kwamba kwetu gari la bei nafuu lilifika, na kwa mwananchi anayehitaji kufika hospitali hilo lilikuwa jambo jema. Hatuna sababu ya kujilaumu kwa kutogeuka Havana.

Maisha ya pili

Anayedhani gari bovu kijijini ni taka tupu hajalitazama kwa makini. Linaliwa polepole, na kila kiungo kina mlaji wake. Springi ndiyo chuma anachokitafuta mhunzi, kwa kuwa hutoa panga na jembe lisilopinda. Ekseli na magurudumu huwa mkokoteni. Matairi huwa makatambuga, na mipira ya ndani hufungia mizigo. Injini ya dizeli iliyo hai huhamia kwenye mashine ya kusaga au pampu ya maji. Vipuri vya aluminiamu husubiwa vikawa sufuria. Rimu hutundikwa kwenye mti wa shule, na kwa kuigonga watoto wa vijiji vingi vya Tanzania wamejua saa ya kuingia darasani.

Land Rover ya zamani ina siri yake ya kipekee. Ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa haba baada ya vita, hivyo bodi likaundwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Kwa sababu hiyo, katika hewa ya pwani, bodi hubaki likionekana zima huku chesisi ikiliwa chini kwa chini. Mnunuzi wa vyuma chakavu analijua hilo, na aluminiamu ina bei nzuri kuliko chuma. Gari linaloonekana bado linafaa kuhifadhiwa ndilo hilo hilo analolitaka mwenye mizani.

Mzunguko huu wa kijiji unastahili heshima. Umewapa watu zana bila mkopo, na umefundisha vijana ufundi kabla ya kuona chuo. Sera yoyote ya kuhifadhi magari kuukuu inayoanza kwa kuwakataza wananchi kuyatumia itashindwa, na itastahili kushindwa.

Mizani ya skrepa

Kinachobadilisha mambo sasa ni ukubwa na kasi ya biashara ya vyuma chakavu. Viwanda vya nondo vya Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani vinahitaji malighafi kila siku, na ujenzi hauishi. Mkusanyaji mwenye baiskeli au bodaboda hufika hadi kitongoji cha mwisho, huuza kwa mwenye mizani wa barabarani, naye hujaza lori la kwenda mjini. Mitungi ya gesi ya kukatia chuma imerahisisha kazi: lori lililokaa miaka 40 hutoweka kwa siku moja.

Faida ipo. Chuma kilichooza bila kazi kinarudi kikiwa nondo ya darasa au zahanati, familia inapata fedha, na nchi inapunguza chuma cha kuagiza. Hasara nayo inajulikana kote nchini. Mahitaji yale yale yanayonunua Bedford ya marehemu yananunua pia kipande cha reli, kibao cha alama ya barabarani na nyaya za umeme zilizoibwa. Ndiyo maana serikali inataka wafanyabiashara wa vyuma chakavu wawe na vibali. Ila kibali humwuliza mfanyabiashara ni nani. Hakiulizi gari analolikata ni lipi, lilifika hapo lini na lilibeba nini. Kwa mizani, lori lililobeba korosho za ushirika kwa miaka 20 na lori lililopinduka wiki iliyopita ni kilo tu.

Na mizani hailipi kwa haki sana. Muuzaji wa kijijini hajui bei ya mjini, hatenganishi shaba, aluminiamu na chuma, na mara nyingi ana haraka ya ada ya shule. Nje ya nchi, Land Rover za zamani hufufuliwa kwa gharama kubwa na wapenzi wake. Mbio za magari ya kale za Afrika Mashariki zilizoanza 2003, kwa kumbukumbu ya safari ya magari iliyoanza 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, huleta washindani kutoka mabara mengine wakiendesha magari ya zama zile zile ambayo sisi tunayakata. Haina maana kwamba kila mkweche wa Bungu una utajiri ndani yake. Maana yake ni kwamba anayeuza bila kujua anachouza hana sauti katika bei.

Wanaodhurika

Upande wa madhara tusizungumze kwa kuficha. Betri ya gari ina risasi na asidi. Risasi huyeyushwa kwa moto wa kuni ili kutengeneza uzito wa nyavu, kazi ambayo katika jamii ya wavuvi ina mantiki yake, lakini moshi na vumbi lake vinadhuru ubongo wa watoto kuliko mtu yeyote. Mafuta machafu ya injini hupenya mchangani mpaka kwenye kisima cha kienyeji. Matairi yenye maji ya mvua huzalisha mbu. Katika bonde linalofurika kama la Rufiji, kilichomwagika leo uwanjani kwa fundi kitaelea kesho kwenye shamba la mpunga, na mwisho wake ni mikoko ambako kamba na samaki huzaliana.

Kwa hiyo kuacha gari lilipo ni uamuzi nao, na una gharama. Anayetaka kulihifadhi ana wajibu wa kutoa betri, kumwaga mafuta na kutoboa matairi. Anayetaka kulikata ana wajibu huo huo kabla ya kuwasha moto.

Sheria inaona nini

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka ulinzi wa moja kwa moja kwa vitu vya kabla ya mwaka 1863, na kwa milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Vitu vingi vya baadaye hulindwa tu ikiwa Waziri ametangaza hivyo. Wakati wa kutungwa kwake, gari la miaka ya 1930 lilikuwa gari kuukuu tu, na Königsberg ilikuwa bado inachunwa. Miaka 60 baadaye mwaka ule wa 1863 umesimama pale pale, na karne nzima ya injini imebaki nje ya uzio, isipokuwa kwa tangazo ambalo mtu lazima aliombe.

Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi uliozama majini unatumia kipimo tofauti: kitu kilichokaa chini ya maji kwa miaka 100. Kwa kipimo hicho Königsberg ilitimiza sifa tarehe 11 Julai 2015. Kinachosogea na wakati, kama miaka 100, kinafaa zaidi kuliko mwaka uliogandishwa, kwa sababu kila kizazi kinapata nafasi ya kutazama ya kizazi kilichotangulia.

Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yamehifadhi magari ya viongozi, likiwemo Rolls-Royce lililotumiwa na magavana wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini nchi hii haikujengwa na magari ya viongozi peke yake. Ilijengwa pia na malori yaliyovuka Ndundu kwa pantoni, na madereva na utingo wao, ambao historia yao imeandikwa zaidi kwenye vyuma vyao kuliko kwenye karatasi.

La kufanya

Kuhifadhi kila kitu haiwezekani, na hakuna anayelihitaji hilo. Magari mengi yaliyoachwa Kibiti na Rufiji yanapaswa kukatwa, kwa usalama na kwa bei ya haki. Machache yanapaswa kubaki. Yote yanapaswa kuandikwa kwanza.

Kuandika ndiko rahisi na ndiko kunakosahaulika. Mtendaji wa kijiji mwenye simu anaweza kupiga picha nne, kunakili namba ya chesisi na ya injini, na kumwuliza mzee aliye jirani gari lilikuwa la nani na lilifanya kazi gani. Halmashauri za Kibiti na Rufiji zikikusanya kumbukumbu hizo, zitakuwa na historia ya usafiri wa kusini ambayo hakuna chuo kikuu kilicho nayo. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo, nao watajifunza historia yao kwa kuuliza.

Kwa kuchagua yatakayobaki, vipimo vitatu vinatosha: je, chombo kina kisa cha mahali hapa; je, ni cha aina iliyokwisha kuwa adimu; na je, yupo atakayekiezekea paa? Kisicho na paa katika hewa ya Rufiji kimehukumiwa tayari. Vyuo vya VETA vinaweza kupewa vichache vikawa vya kufundishia, maana kijana anayefufua injini ya zamani isiyo na kompyuta anaielewa injini yoyote. Familia nazo zisaidiwe kufuta usajili wa gari la marehemu bila mzunguko na bila hofu ya deni, ili mali ipate mwenyewe anayeweza kuiuza au kuitoa kwa hiari.

Kuhusu Königsberg, chuma kimezama, lakini kisa hakijazama. Nyamisati, bandari ya kwenda Mafia, inapitiwa na wasafiri kila siku na haitahitaji gharama kubwa kuweka pale nyumba ndogo ya maelezo: ramani ya mikondo, picha za meli, habari za ndege za Mafia, na zaidi ya yote habari za wapagazi waliobeba injini na mizinga. Serikali inaweza kuzungumza na Afrika Kusini, Kenya na Uganda kuhusu mzinga mmoja, hata kwa mkopo wa muda. Nchi zetu zinadai urithi wetu kutoka Ulaya, na ni haki. Kuazimana sisi kwa sisi kusingekuwa kugumu zaidi.

Sheria ya 1964 nayo ifanyiwe marekebisho, ili umri wa urithi uhesabiwe kwa miaka inayosogea na ili wilaya ziwe na mamlaka ya kutangaza urithi wa kwao. Uamuzi ukibaki Dodoma na Dar es Salaam pekee, utafika baada ya mtungi wa gesi.

Bonde la Rufiji linabadilika kwa kasi. Bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha umeme, lami imefika, na magari mapya yanaingia kila wiki. Hayo nayo yatachakaa, na yana plastiki na betri nyingi kuliko yale ya zamani. Wilaya itakayojifunza sasa kuandika, kuchagua na kukata kwa utaratibu mikweche yake ya karne iliyopita itakuwa tayari kwa ya karne hii. Isipojifunza, atafika mwingine na pauni zake 200, na mara hii hatutaweza kusema kwamba hatukuulizwa.